Tuta Letu Juu ya Lami

Lami ilipofika Mwingi tulishangilia kama watu waliopata mvua ya Novemba. Vumbi lilipungua, nguo zikawa zinakauka zikiwa safi, na safari ya Thika ikawa fupi. Hakuna aliyetuambia kwamba malori yaliyokuwa yakijikokota kwenye mashimo sasa yangepita katikati ya mji kana kwamba mji haupo.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuyachukia. Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Mwaitu, yaani mama, alikuwa hasikii. Masikio yalimwacha taratibu uzeeni, na yeye akaona afadhali, maana alisema watu wa siku hizi wanaongea upuuzi. Tuliishi upande mmoja wa barabara. Kanisa, soko na bomba la maji vilikuwa upande wa pili. Honi kwake haikuwa kitu. Na ukimshika mkono umvushe, anauchomoa. "Mimi si mbuzi wa kuvutwa sokoni."

Siku moja lori lilimkosa kidogo tu, upepo wake ukabeba kitambaa chake cha kichwa. Mume wangu akakata shauri: Mwaitu atahamia Kyuso kwa binti yake, mbali na lami. Sikupenda hata kidogo. Wake wengi huomba mama mkwe ahame. Mimi wangu nilimpenda, ndiye aliyenifundisha kuishi na mwanawe. Nikasema, "Baba watoto, kabla ya kumhamisha mama, si tupunguze hayo malori mbio?"

Akacheka. "Utayapunguza na mwiko?"

Hata hivyo alinipa muda, mpaka ndengu zivunwe.

Nikaenda kwa kina mama wenzangu wa mwethya, kile kikundi chetu cha kulimiana mashamba kwa zamu, tukaenda wote kwa chifu. Chifu aliomba ruhusa kwa watu wa barabara, akaipata, kisha akaita baraza tuchague mahali pa kuweka tuta. Tuta lenyewe lilikubaliwa haraka ajabu. Baadaye ndipo nilipojua ni kwa nini: kila mwenye duka alilitaka mlangoni pake. Lori likipunguza mwendo, utingo huona chai, na akiona chai hushuka. Mwenye hoteli alisema watoto wote huvukia kwake. Muuza vipuri akaapa kwamba hata vikongwe huvukia kwake, ingawa sijui vikongwe walifuata vipuri gani. Maneno yakawa mengi, jua likawa kali, na chifu akaanza kutazama saa.

Mwenyekiti wetu akasimama. "Chifu, hayo mawe yatabebwa na nani?"

Wenye maduka wakaanza kutazama maduka yao.

"Basi hiyo tuta ni ya wenye karai. Itakaa pale njia ya bomba inatokea. Hapo ndio watu wanavuka wakienda maji, na wakienda kanisa, na wakienda soko."

"Imepita hiyo," chifu akasema, akaenda zake kula.

Sasa, kwetu Ukambani ukitaja tuta, huhitaji kueleza. Tumezaliwa tukichimba matuta ya kuzuia udongo usibebwe na mvua. Tulibeba mawe na changarawe huku tukiimba, tukashindilia kwa miguu, na jioni tukasimama kulitazama tuta letu. Lilikuwa limenyooka sawasawa na kimo chake kilifika magotini. Shamba lolote lingejivunia.

Asubuhi lori la kwanza kutoka Garissa, limejaa ng'ombe, lilisimama mbele yake. Dereva akashuka, akatembea kutoka ncha hii hadi ile, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, hapa mmepanda mahindi ama ndengu?"

Nyuma yake malori yakajipanga. Ng'ombe wakalia. Mwenye hoteli aliuza chai hadi sufuria ikakauka. Chifu ndiye hakufurahi; alikuja mbio akisema tuta liondolewe lote, sasa hivi, kabla wakubwa wake hawajasikia.

Niliogopa kwelikweli. Tayari nilikuwa naliona sanduku la Mwaitu juu ya basi la Kyuso. "Chifu," nikasema, "tuta ikizidi inapunguzwa. Hakuna mtu anang'oa tuta."

Akatazama foleni, akatutazama sisi na majembe yetu. "Haya, punguzeni. Lakini nione lori ikipita na macho yangu."

Tukalinyoa. Madereva nao walishika sepetu, maana wao ndio waliokuwa na haraka. Tulilipanua, tukalilaza pande zote mbili, likawa kitu ambacho gurudumu lingeweza kupanda bila kugombana nacho. Lori la ng'ombe likapita polepole, mengine yakafuata moja moja, na chifu akarudi ofisini bila kuaga.

Jumapili nilimwomba mume wangu tusimame kando ya barabara. Mwaitu akatoka na kitabu chake cha nyimbo kwapani, akaingia barabarani bila kutazama kushoto wala kulia. Lori lilikuwa linakuja. Nilishika mkono wa mume wangu, na wake ulikuwa baridi kuliko wangu. Lori likapunguza mbio kwenye tuta, likasimama.

Mwaitu alipofika katikati akageuka, akaliona. Hakukimbia. Kwetu mtu akikupisha njia, huendi bila kumsalimia. Akalizunguka hadi kwenye dirisha, akanyoosha mkono juu, na dereva akainama kuupokea. Akamwuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua ya huko atokako. Majibu hakuyasikia, lakini aliyaitikia yote, moja baada ya jingine, bila haraka. Malori mawili yaliyokuwa nyuma yakangoja.

Mume wangu alifuta macho kwa mkono wa shati, akijifanya ni vumbi, na lami ile haikuwa na vumbi.

"Huko Kyuso malori ni machache," akasema. "Mama atasalimia nani?"