Hasira Niliyokwenda Nayo Kikundini

Siku ya kipaimara cha binti yangu nilianguka juu ya meza ya keki. Nilikuwa nimekunywa tangu asubuhi, chooni, kwenye chupa niliyoificha ndani ya mkoba. Mjomba wangu naye alikuwa amekunywa tangu asubuhi, ila yeye alikaa mbele, chini ya turubai, akipokea kata ya mbege, pombe ya ndizi, na kuanzisha nyimbo. Alijikojolea palepale kwenye kiti. Watu wakacheka, wakasema mzee amefurahi. Mimi walinibeba hadi nyuma ya migomba, na jioni ile dada yangu akamchukua mtoto, akaenda kuishi naye Makumira.

Haukupita muda wazee wa kanisa wakanifuata nyumbani, Sombetini. Walitaka nisimame mbele ya usharika nitubu. Nikauliza kama mjomba naye atasimama.

Mmoja wao akakohoa. "Mwalimu, wewe ni mama. Mambo hayo hayafanani."

Nilisimama, nikatubu. Jumatatu niliingia darasa la nne nikakuta mtu amechora chupa ubaoni. Nikaifuta, nikafundisha hesabu za sehemu, na baada ya kipindi nikaenda kunywa.

Nilikwenda zahanati. Tabibu alikuwa kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, macho yake kwenye simu. "Acha tu, mama," akasema. "Ni kuamua." Nilimwambia nimeshaamua mara nyingi kuliko alivyonyoa ndevu. Akaniandikia vitamini.

Aliyenisaidia ni mama muuza ndizi wa sokoni Kwa Mrombo. Nilikuwa natafuna karafuu kuua harufu, kama kawaida yangu. Alinifungia ndizi zangu, akasema polepole, "Mwalimu, karafuu hazimdanganyi mtu aliyewahi kuzitafuna." Halafu akanielekeza kwenye kikundi cha watu wanaoacha pombe, kilichomsaidia mume wake kabla hajafa: Jumamosi saa tisa alasiri, kwenye darasa la chekechea, hukuhuku Sombetini.

Nilikuta wanaume tisa wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kifuani. Mwanamke nilikuwa mimi tu. Siku hiyo alizungumza dereva wa lori. Alieleza jinsi alivyomvunja mkewe mkono akiwa amelewa, jinsi mke alivyoondoka, jinsi nyumba ilivyobaki tupu. Alilia sana. Wenzake wakamwambia pole kaka, mmoja baada ya mwingine, na mwenyekiti akampa leso.

Kisha mwenyekiti akanigeukia. "Karibu, dada. Useme chochote."

"Nimesikia pole nyingi," nikasema. "Hakuna hata moja ya yule mwanamke. Mkono wake ulipona?"

Dereva alifuta macho. "Sijui."

"Muda wote huu unalia, na hujui?"

"Dada," mwenyekiti akasema, "hapa hatuhukumiani."

Nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu, na nyumbani niliendelea. Wiki ile niliandaa maneno yangu kama ninavyoandaa somo. Nilitaka kichwa chepesi ili nisisahau hata neno moja. Mikono ilitetemeka, shuka zililowa jasho, chakula hakikukaa tumboni. Alhamisi ndipo nilipogundua kwamba sijanywa tangu Jumamosi.

Niliporudi kikundini Jumamosi, dereva alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Nilimpigia simu," akasema. "Mkono uliunga vibaya. Hawezi kukamua nguo."

Hakulia safari hii. Maneno yangu yote ya wiki nzima yakakosa pa kwenda, basi nilipopewa nafasi nikasimulia yangu. Nilisema meza ya keki, mjomba na kiti chake, wazee wa kanisa, chupa ubaoni, tabibu na vitamini zake. Nilisema kwa sauti ya kufundishia watoto mia.

Nilipomaliza, dereva aliuliza, "Na binti? Umesema habari za wote. Yeye siku ile alifanya nini?"

Nilitamani kumpiga kofi. Sikujua, na kila mtu mle ndani aliona.

Jumapili nilikwenda Makumira. Binti yangu alikuwa uani anachambua mchele. "Shikamoo, mama," akasema, bila kuinuka. Nikamuuliza swali la dereva.

"Nilikufuta krimu usoni," akajibu. "Halafu nikashika miguu, walipokubeba. Ulikuwa mzito. Gauni langu likachanika."

"Nisamehe, mwanangu."

Alitoa jiwe kwenye ungo, akalitupa. "Nimesikia, mama."

Akaendelea kuchambua. Dada yangu alinikaribisha chai, nikanywa, nikaondoka. Njiani nilimkasirikia dada kwa kukaa kimya, nikamkasirikia dereva, nikamkasirikia mjomba tena upya. Ilipofika Jumamosi nilikwenda kikundini nikamjibu dereva mbele ya wote, neno kwa neno, kama binti alivyoniambia. Hakuna aliyesema pole. Nilishukuru kwa hilo.

Bado nakwenda. Mara nyingi nafika nimenuna, na nikiona mwanaume analilia nafsi yake tu, namuuliza. Wamenizoea. Likizo ya Desemba binti alikuja kukaa nami, na kila asubuhi alinusa kikombe changu kabla sijakishika. Jambo hilo lilinichoma. Nilikisogeza karibu yake, akanusa.