Picha ya Thelathini na Sita

Enzi za kamera za filamu nilikuwa dereva wa mpiga picha za wanyama. Kabla ya kila picha alipuliza lenzi mara mbili, akaifuta kwa kipande cha gauni kuukuu la mkewe, na katika filamu ya mwisho ya kila safari hakuigusa picha ya thelathini na sita, ile ya kumalizia, mpaka afike nyumbani. Safari moja tulimsubiri chui siku tisa. Alipotokea, kambeba mtoto mdomoni, ilikuwa imebaki picha hiyo moja tu.

"Piga, kaka," nikanong'ona.

"Hii ya shemeji yako."

Akashusha kamera, akamtazama chui mpaka akapotelea majanini.

Kesho yake mkewe alitupokea mlangoni, mikono imejaa povu la sabuni.

"Jamani, hata nywele sijachana."

Akampiga picha hivyohivyo. Chui yule yumo tu katika daftari nililokuwa nikiandikia safari zetu.