Karani anaitwa mwizi wa kilo, na mimi najua ni mfumo wetu

Admin, nifiche jina, na ofisi yetu usiitaje, maana Makambako tunajuana. Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita. Natengeneza mifumo ya kompyuta pamoja na kaka yangu, ambaye ndiye aliyenisomesha baada ya baba kufariki. Kwa hiyo atakayeniambia nimpuuze kaka, ajue anaongea na nani.

Tulitengeneza mfumo wa kupimia majani ya chai kwa chama kimoja cha wakulima huko Lupembe. Karani wao, Mama Neema, anapima mfuko mmoja mmoja huku lori linaunguruma, anaandika kilo kwenye simu mbele ya jina la mkulima, anahifadhi. Shida ni kwamba akishahifadhi, ukurasa unarudi juu kabisa, kwenye jina la kwanza, na visanduku vyote vinafanana. Mvua inanyesha, vidole vimekufa ganzi, foleni inamhimiza. Mfuko wa pili anauandika akidhani bado yuko kwa mkulima yule yule. Na jina la kwanza ni la Abeli, mume wake.

Sasa wanasema anawaibia watu kilo ampe mumewe. Jumamosi wana kikao cha kumfukuza, na wenzake wa kwaya hawamsalimii. Nilipokwenda kwenye kituo cha kupimia majani kukagua simu yake, aliniambia taratibu, "Dada, sijawahi kumwongezea mume wangu hata jani moja. Sijui zinaingiaje." Nikamtazama anavyoandika, nikaona kila kitu.

Nikarekebisha siku hiyo hiyo. Ni kazi ndogo mpaka inatia hasira: mwishoni mwa anwani ambayo simu inarudia baada ya kuhifadhi niliongeza alama ya reli, hii #, na namba ya mkulima, ukurasa ukawa unarudi pale pale alipokuwa. Nikamwambia kaka twende tukawaeleze. Akafunga mlango.

"Umesharekebisha, nyamaza. Wakijua, mimi nimekwisha. Mimi nilikuacha njiani lini?"

Nikarudi mezani kwangu.

Jana Mama Neema kanipigia. Nilidhani amegundua, kumbe anashukuru. "Siku hizi simu inanirudisha pale pale, Mungu akubariki. Jumamosi uniombee." Nikasema nitamwombea. Tangu hapo naichukia sauti yangu.

Ndugu zangu, kesho kutwa ndiyo Jumamosi. Nikisimama kikaoni namwangusha aliyenilea, nikikaa kimya mama wa watu anaondoka na jina la wizi. Nishaurini, mngekuwa mimi mngefanyaje? Ila msiniambie niombe tu. Hilo nimeshamwahidi yeye.