Dada wa Kwenye Sahani

Kila jioni fundi wa maabara, aliyezoeleka kwa jina la Kimya, alipovua viatu mlangoni, dada yake aliuliza kutoka kitandani:

“Mimi wa huko nimeshindaje?”

“Umeshinda ukitembea, dada.”

“Alaa! Mwenzangu anatembea, mimi hata chooni nashikwa mkono!”

Seli za uvimbe wake wa saratani ziliishi kazini kwa Kimya, katika sahani za plastiki, zikinyweshwa maji ya lishe ambayo mafundi waliyaita mchuzi. Kimya alikwaruza mstari katikati ya seli, kisha akachungulia kwa darubini. Taratibu zilijinyoosha na kutambaa kuuvuka uwazi ule, kana kwamba ng’ambo kuna mtu anaziita.

Na kweli ziliitwa. Zenyewe zilitema kimeng’enya ndani ya mchuzi. Kimeng’enya kikakata mafuta yaliyomo, na kila kipande cha mafuta kilichogusa ngozi ya seli kiliiambia: nyanyuka, twende. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyohamia mapafuni. Daktari alikuwa na dawa ya kukifunga mdomo kimeng’enya hicho. Ikizituliza seli za sahanini, dada angeanzishiwa.

Kimya akakwaruza mstari mpya, akamwaga mchuzi wa zamani, akatia mpya wenye dawa. Asubuhi mstari ulikuwa wazi, seli zimetulia tuli. Akapiga simu nyumbani.

“Dada, umetulia!”

“Wee, usinizike mapema!” Dada alicheka hadi akakohoa.

Kimya naye alikuwa akicheka alipochungulia sahani ya pili, iliyopewa mchuzi mpya bila dawa. Nayo ilikuwa imetulia. Kicheko kikamkauka. Dawa haikuwa imethibitisha lolote bado. Ni yeye aliyemwaga wito pamoja na mchuzi.

Ilimbidi aziite tena. Akatoa kwenye jokofu mchuzi wa zamani aliouweka akiba, ambao vipande vyake vya mafuta vilishaoza lakini kimeng’enya bado kimo, akaugawa: sahani moja na dawa, nyingine bila. Akakaa kwenye darubini.

Penye dawa, seli zilinyanyua kingo, zikasita, zikalala. Alizitazama siku nzima. Hazikuvuka.

“Basi aanze kesho,” daktari alisema nyuma yake.

Kimya hakugeuka. Alikuwa ameshahamia sahani isiyo na dawa, kama alivyo dada usiku huu. Mstari haukuwepo tena, na seli zilizokosa pa kwenda zilikuwa zimepanda juu ya wenzao, zikizidi kutambaa.