Tone tamu chumbani, kanisani ikawa kelele: nilivyopigania solo langu

Wakuu, nawasalimu kutoka Tunduma. Naandika nikiwa bado na hasira, lakini haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza hata nukta.

Nina mtoto mmoja, Atu, miezi saba. Napiga gitaa la solo kwenye kwaya yetu. Ndiyo, mwanamke. Anayeshangaa apite tu.

Natumia kale kaboksi ka kidijitali kanakoiga sauti za amp, yaani spika za gitaa, za kila aina. Nilikapata used kwa Mzambia, hapo ng'ambo Nakonde.

Sasa kuna tone moja, yaani ladha ya sauti ya gitaa, naitafuta tangu utotoni kijijini Iyula.

Asubuhi ukungu umefunika mibuni, humwoni hata aliye mbele yako, halafu redio ya jirani inadaka stesheni ya Zambia. Gitaa linakuja ndani ya ule ukungu, jembamba, tamu, kama maji yanapita kwenye mawe. Nilikuwa nasimama na ndoo kichwani mpaka mama aniite mara tatu.

Wakuu, nikaipata.

Mchana, Atu amelala, volume chini kabisa. Nikaongeza besi, nikaongeza treble, zile sauti kali za juu, na reverb kidogo, ule mwangwi. Nikafumba macho, nikajikuta kwenye ukungu. Nika-save iwe preset yangu.

Jumapili nikachomeka kwenye mikisa ya kanisa.

Mungu wangu! Besi inanguruma kama malori ya foleni ya mpakani, treble inachoma masikio, noti zenyewe zimemezwa na kinanda. Atu akaangua kilio mgongoni kwa bibi yake mpaka wakatoka nje.

Mwalimu wa kwaya akanisema mbele ya watu wote: "Mama Atu, wewe nyonyesha kwanza. Siku ya mavuno ikiwa hivi tena, solo atapiga mtu wa kinanda."

Nikachomoa waya, nikabeba gitaa langu.

Nyumbani nikawasha preset ileile. Tamu vilevile! Nikaanza kupandisha volume taratibu. Kadiri ilivyopanda, besi na treble zikavimba.

Hapo ndipo nikaelewa. Kosa si la boksi, ni la sikio. Sauti ikiwa chini, sikio halizipati vizuri besi na treble, kwa hiyo nilikuwa nazijaza ili nizisikie. Ikipanda, zinamwagika.

Kwa hiyo lazima niseti kwa volume ya ibada, kanisani kwenyewe. Na kanisa letu hufunguliwa Jumamosi mchana tu, akina mama wakifanya usafi. Zamu yangu ilikuwa bado, nikaomba ya mwenzangu. Atu nikamwacha kwa bibi.

Nikafagia mbiombio, nikawasha mitambo.

Mama Sikitu, kiongozi wa zamu, akasimama na dekio lake. "Mama Atu, umekuja kufagia au kupiga shoo?"

"Vyote. Kaa benchi la mwisho uniambie unasikia nini."

"Nasikia tumbo linatikisika."

Nikashusha besi.

"Sasa meno yananiuma."

Nikashusha treble, nikapunguza reverb na gain, ule mkwaruzo, nikapandisha mids, zile sauti za katikati.

Nikapiga tena. Nikageuka. Dekio linachuruzika maji pale alipokwisha kupangusa, na yeye wala hana habari.

"Usiguse tena," akasema taratibu. "Endelea kupiga."

Jumapili ya mavuno, mahindi na kahawa vimejaa madhabahuni, zamu ya solo ikafika. Gitaa likapita juu ya kwaya, jembamba, na mimi miguu yangu ikawa kwenye umande wa Iyula. Atu alilala mgongoni kwa bibi yake mwanzo mpaka mwisho.

Baada ya ibada mwalimu akanifuata. "Mama Atu, umenunua mashine mpya?"

"Ufagio," nikamwambia, nikachukua mtoto wangu.

Funzo: tone ya kanisani usiitengeneze kwa kunong'ona chumbani. Iseti kwa sauti utakayopigia, na mtu akae mbali akusikilizie. Mimi sasa nina preset mbili. Ile ya chumbani sijaifuta, Atu bila hiyo mchana halali.

Wenye vifaa hivi, nyie mnasetia wapi? Semeni. Ila wa kuniuliza mume wangu anasemaje, uzi huu si wako.