Chupa Ile Haikuwa na Jina Lake, Nuru

Leo ni Jumapili, na nimejiapiza kusema yote.

Siamini bado. Alhamisi mchana tulikuwa maabara pamoja. Ijumaa, baada ya swala ya mchana, Nuru alizikwa.

Kwetu Waithaka mtu akifariki tunakutana kila jioni kwa siku nyingi, tunaimba, tunapanga. Kwa kina Nuru mazishi hayangoji. Mimi sikujua. Nilifika kwao na Mama nikawakuta wanawake wamekaa mkekani wakisoma Kurani, nikauliza, “Nuru yuko wapi?”

Hakuna aliyenicheka. Shangazi yake alinivuta tu nikakaa karibu naye.

Kwa ambao hamkumjua: Nuru alikuwa deskmate wangu na lab partner wangu tangu Form One, katika shule yetu huku Ngong Road. Familia yake ni ya Lamu. Alikuwa na sauti ndogo na maneno mengi.

Darasani tulimwita Inspector. Ungesogeza mkono kwenye chupa ya asidi ya salfuriki bila glavu, ungemsikia, “We! Hiyo si uji!”

Goggles alizivaa juu ya hijabu, zikamkaa kama za rubani. Tulicheka mpaka Madam wa kemia akacheka.

Siku moja Madam aliuliza kwa nini tunatia asidi kwenye maji, na kamwe si maji kwenye asidi. Nuru akasema, “Madam, asidi ni mgeni. Mgeni ndiye huingia nyumbani, tena polepole. Ukimmwagia mgeni nyumba nzima, atalipuka kwa joto.” Darasa zima halijawahi kusahau.

Yeye ndiye alikagua kabati la asidi kila Ijumaa. Chupa nzito rafu ya chini kabisa, ndani ya trei, mbali na zile za alkali, jina likitazama mbele. Chupa ikikosa jina hakuna anayeigusa mpaka Madam aje. Hata kuinusa, hapana.

Alikuja kwetu mara moja akaona Mama ameweka mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Akaomba masking tape.

“Mama Ciku, samahani, usinione nimekosa adabu.”

“Haiya! Huyu mtoto ametumwa na serikali ama?” Mama alisema. Lakini alimpa kalamu.

Sasa niseme kwa nini naandika.

Juzi kwenye group ya darasa mtu aliandika: “Nuru alijua acid kuliko sisi wote. Mtu kama huyo hawezi kuinywa by mistake.” Wengine wakaongeza emoji za kufikiria. Mmoja akaandika, “Kuna kitu hatuambiwi.”

Basi nawaambia.

Tuko Ramadhani. Alhamisi baada ya shule Nuru alienda dukani kwa ami yake, town, anakouza vitambaa, wafuturu pamoja kama kawaida. Sinki ya nyuma ya duka ilikuwa imeziba. Ami alikuwa amenunua asidi ya kuzibua mabomba, ile unayopimiwa kutoka kwa mtungi ukatiliwa kwenye chupa yoyote uliyobeba.

Alikuwa amebeba chupa ya maji ya kunywa. Akaiweka chini ya kaunta, kando ya tende na maji ya kufuturu. Alipanga kuimwaga kwenye sinki akishaswali.

Adhana ikalia. Nuru akala tende, akanyoosha mkono chini ya kaunta, akashika chupa iliyokuwa karibu.

Niliwahi kumwona akifuturu kwenye safari ya shule. Alifumba macho, akapiga funda moja kubwa. Nikamuuliza, “Inspector, hata huangalii unachokunywa?”

“Ciku, maji ya kwanza hayaangaliwi. Yanashukuriwa.”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa na kiu ya siku nzima, na alikuwa anashukuru. Hakuna kingine.

Wanaouliza mbona hakujua: maabara kila chupa ilimwambia jina lake. Ile ilikuwa bado na karatasi ya maji. Asidi haina rangi, jamani. Kwa macho ni maji tu.

Jana nilirudi kutoa pole. Ami yake alikuwa amekaa peke yake mlangoni, viatu mkononi, kama aliyesahau alikuwa anavivaa au anavivua. Nikamwamkia. Nikamwambia yanayosemwa kwenye group, kwa sababu nilishindwa kuyanyamazia.

Akaviweka viatu chini. Kisha akasema, “Ciku mwanangu, andika. Sema chupa niliiweka mimi.”

“Ami, watu watakutukana.”

“Wanitukane mimi. Mtoto wangu wasimguse jina.”

Nimeandika, Ami. Na ninyi mtakaokuja hapa kwenye comments, tafadhali, msimtukane. Anayeuza dawa ile ya mabomba bila chupa yake na jina lake bado anapima, na sisi bado tunampelekea chupa tupu za maji na soda.

Mama amekataa kabisa ile masking tape ibanduliwe. Iko pale jikoni, mwandiko wa Nuru umeinama kidogo kulia: MAFUTA YA TAA. SI MAJI. Asubuhi nimemkuta Mama akiandika nyingine, ya jiki ya kufulia, akijaribu kuiga herufi zake.

Nuru, Inspector wangu. Kesho nitavaa goggles zako na nitakagua kabati, maana Ijumaa halikukaguliwa. Madam amekubali. Nina imani darasa litanyamaza nikiingia, halafu mtu atacheka, na itakuwa sawa.

Lala, rafiki yangu. Usione kiu tena.

Na wewe unayesoma, weka simu chini kwanza. Angalia chini ya sinki, nyuma ya mlango wa choo, chini ya kaunta. Kisha urudi unijibu leo hii: kwako, ni chupa gani inayosema uongo?