Mashine Iliyokataa Kuamka

Nilikuwa fundi wa kompyuta Ruiru, na kiburi changu hakikutosha ndani ya kibanda changu.

Mashine niliyokuwa nikifanyia kazi nilipewa na familia moja ya mtaa wa Membley iliyokuwa ikiitupa. Motherboard yake, ule ubao mkuu wa ndani, ilikuwa ya zamani, na mimi kwa ubishi tu nikaiwekea mfumo mpya wa kuiendesha. Viwili hivyo vikakataa kuelewana. Ukiiacha robo saa bila kuigusa, mfumo unaiambia ilale. Inalala, kioo kinakuwa cheusi, feni inaendelea kuzunguka, na haiamki tena mpaka uchomoe waya. Dawa rahisi ilikuwa kuiambia isilale kamwe. Niliikataa hiyo dawa. Niliona ni kushindwa na bati. Kwa wiki tatu niliingia kwenye menyu ya mipangilio ya motherboard, nikabadilisha mstari mmoja, nikajaribu, nikatukana, nikabadilisha mwingine.

Asubuhi moja ikalala na kuamka mara mbili. Nikajiona bingwa.

Siku hiyo hiyo akaja mzee mmoja wa Kiganjo, kule Thika, mfanyakazi wa kiwandani aliyetoka magharibi. Alibeba kaseti ndani ya mkebe wa majani chai. Mama yake, ambaye hakujua kuandika, aliirekodi na kumtumia miaka mingi iliyopita, baada ya yeye kukosa kwenda kumzika babake. Aliogopa kuisikiliza. Akiwa bado anaogopa, mama naye akafa.

"Ndugu zangu husema alinilaani huko ndani," akaniambia. "Wewe niwekee tu kwa simu, fundi. Nitasikiza nikiwa peke yangu."

Utepe ulikuwa umeoza. Nikamwambia utacheza mara moja tu, basi. Akakubali, akatoka nje ili asisikie.

Niliunganisha redio ya kaseti na ile mashine yangu, nikaanza kurekodi. Sikuelewa lugha ya yule mama. Lakini alikuwa akicheka, akiita jina moja, akicheka tena, kama mtu anayembembeleza mtoto. Mimi nikapitia mlango wa nyuma kwenda kununua chapati. Ningeweza kuizuia mashine isilale. Ilikuwa kazi ya sekunde kumi, na sikuifanya, kwa sababu nilikuwa nimeshashinda.

Niliporudi, kioo kilikuwa cheusi na feni ikizunguka. Nilibonyeza kila kitufe, nikaipiga ngumi. Redio ilikuwa imemaliza utepe, na unga wa kahawia uliobanduka kwenye utepe ulikuwa umemwagika ndani yake. Nikachomoa waya, nikawasha upya. Rekodi haikuwepo; ilikuwa haijahifadhiwa mashine ilipolala. Nikarudisha kaseti mwanzo, ikatoa mvumo mtupu.

Mzee akaingia. "Imeshika?"

"Haikuwa na kitu, mzee. Ni kaseti tupu."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Alikaa kwenye benchi akishika ule mkebe kwa mikono miwili. "Afadhali angenilaani," akasema. "Kumbe hata kuniongelesha hakutaka."

Halafu akanishukuru kwa kujaribu. Chapati ilikuwa bado moto mkononi mwangu.

Wiki iliyofuata nikapata mstari sahihi kwenye menyu. Mashine ninayo hadi leo, inalala na kuamka bila shida. Namba ya yule mzee pia ninayo. Sijampigia.